Mkono Mwepesi Juu ya Jicho

Mama mdogo amelala chali kwenye kitanda cha hospitali, Nansio, kidole gumba amekiinua kuelekea dari. "Kiangalie hicho kidole chako, mama, usikiache," muuguzi wa macho anamwambia. "Na usizuie pumzi. Pumua kama umekaa barazani kwako."

Kabla ya hapo amemlegezea kanga aliyoizungusha shingoni, maana nguo ikikaba shingo, jicho hupanda presha isiyo yake. Amemtia tone la ganzi kila jicho, akangoja. Kipimo amekifuta kwa spiriti na kukiacha kikauke kabisa, kwa sababu spiriti mbichi huunguza kioo cha jicho. Kisha akafanya jambo ambalo lingenipita kama nisingesimama karibu: akakisimamisha kipimo juu ya kitufe cha chuma kilichomo ndani ya kisanduku chake, akatazama mshale. Sifuri. Akakiinua, akakirudisha. Sifuri tena. Ndipo akamgeukia mgonjwa.

Kipimo chenyewe ni kile alichokibuni daktari Hjalmar Schiøtz wa Norwe mwaka 1905. Hakitumii umeme wala betri, na ndiyo maana kimevuka maziwa na milima kufika hospitali ambazo mashine kubwa zilichelewa kufika. Kina kikanyagio kilichobonyea kufuata mviringo wa jicho, na katikati yake kijiti kinachoteleza chini kwa uzito wa gramu 5.5. Jicho likiwa laini, kijiti huzama na mshale husogea mbali. Likiwa gumu, hukisukuma nyuma, na mshale haubanduki sana pale ulipoanzia. Kwa hiyo namba ndogo ni habari mbaya. Mshale ukisoma 5, presha ni kama 17 kwa milimita za zebaki, na jicho la kawaida huwa kati ya 10 na 21. Ukisoma 2, tayari ni 29. Mshale ukigoma chini ya 3, mpimaji huongeza uzito hadi gramu 7.5 na kuanza upya.

Kwa maelezo haya mtu atadhani kazi yote ni ya chuma, lakini mimi nilitazama vidole. Kope lazima zifunguliwe, na anayezifungua akilemea jicho hata kidogo, atakuwa anapima nguvu za mkono wake mwenyewe. Muuguzi alivuta kope ya juu na kuibana kwenye ukingo wa mfupa, ya chini akaibana kwenye mfupa wa shavu, na katikati jicho likabaki peke yake. Mkono wa pili ukashusha kipimo wima, bila kuinama, mpaka kikasimama kwa uzito wake. Yeye alikuwa amekizuia tu kisianguke. Mshale ulikuwa ukitikisika kidogo kwa mapigo ya moyo. Akasoma katikati ya mtikisiko huo, akakiinua. Sekunde tatu, labda nne.

Hapa Nansio kila fundi baiskeli hubonyeza tairi kwa dole gumba na kukuambia kama upepo unatosha. Madaktari wa zamani walipima macho vivyo hivyo, kwa ncha za vidole viwili juu ya kope iliyofungwa, na mkono uliozoea bado hulitambua jicho lililokuwa gumu kama jiwe. Lakini glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho, haingoji jicho liwe jiwe. Presha ya 28 haisikiki kwa kidole, na wala mgonjwa mwenyewe haisikii. Maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hukosa njia nzuri ya kutokea, presha hupanda polepole, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, hufa uzi baada ya uzi. Pembeni ndiko kunakotangulia kuzimika. Mtu huendelea kuona sindano mkononi huku akijigonga kwenye milango. Uchunguzi wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulipima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, na takriban 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma.

Mama mdogo amekuwa na sukari kwa miaka mingi, na hilo huongeza shaka. Sukari ikiharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho, pazia la ndani hukosa hewa na kuotesha mishipa mipya, dhaifu, inayoweza kutambaa mpaka kwenye pembe ya kutolea maji na kuiziba. Presha ya namna hiyo huuma kweli, na ikishafika hapo kuirudisha ni kazi ngumu. Tena wenye sukari mara nyingi kioo cha jicho huwa kinene kidogo, na kioo kinene huweza kudanganya kipimo kionyeshe presha kubwa kuliko iliyopo. Kwa hiyo mpimaji mzuri haiamini namba peke yake, hutazama na ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo.

Kwenye hospitali za rufaa, kama Bugando ng'ambo ya ziwa, kuna kipimo cha Goldmann. Mgonjwa hukaa, hutiwa rangi ya manjano, na kwenye mwanga wa bluu daktari huona nusu duara mbili za kijani. Huzungusha kitufe mpaka kingo zao za ndani zigusane tu. Rangi ikizidi, duara hunenepa na namba hupanda bure. Ni ufundi mwingine, nao una subira yake. Lakini hapa Ukerewe kuna watu wengi wenye ualbino, ambao macho yao mara nyingi hucheza bila kutulia, na kuzigusanisha duara mbili kwenye jicho linalocheza ni mtihani. Kwao natamani kila kituo kingepata kile kipimo cha mkononi kilichotoka Ufini, kinachorusha kijiti chepesi mara sita na kutoa wastani, bila tone la ganzi.

"Ni ile ile presha inayopimwa mkononi?" mama mdogo aliuliza. "Hapana, mama. Ile ya mkono inaweza kuwa nzuri na hii ikawa mbaya."

Jicho la kulia lilisoma 5. La kushoto, 2. Muuguzi hakusema kitu. Alirudi kwenye kitufe cha chuma, akaona sifuri, akaongeza uzito, akalipima tena la kushoto, akatafuta namba kwenye jedwali. Ilikubaliana na ya kwanza. Akamuuliza kama ana pumu, au kama moyo huwa unakwenda taratibu, kwa sababu matone ya timolol, ya kushusha presha ya jicho, hayamfai mwenye hayo. Hana.

Kwenye kadi ya rufaa aliandika namba mbili, na pembeni yake saa: nne na robo asubuhi. Presha ya jicho hupanda na kushuka mchana kutwa, akaeleza, na atakayempima Bugando atataka kujua hii ilikuwa ya saa ngapi.

Kisha akamfundisha kutia tone: kope ya chini ivutwe iwe kama kifuko, tone moja, jicho lifungwe, kidole kibane kona ya pua kwa dakika mbili ili dawa isiteremke kooni. Mama mdogo alikosea mara mbili, tone likamwagikia shavuni. Muuguzi akamfuta kwa pamba, akamrudishia kichupa mkononi.

"Tena, mama."