Kuuliza si Ujinga: Uhakiki wa Matumizi ya Katekisimu Ndogo katika Malezi ya Vijana

1. Utangulizi

Sikukuu ya Kipaimara huadhimishwa katika sharika zetu kwa shangwe kubwa. Vijana huvaa mavazi meupe, kwaya huimba, wazazi huandaa karamu, na kwa mara ya kwanza vijana hao huikaribia Meza ya Bwana. Lakini wachungaji na wainjilisti wengi wanalifahamu jambo la kusikitisha linalofuata. Baada ya majuma machache viti walivyokalia vijana wale huwa vitupu. Mlango uliokusudiwa kuwaingiza katika maisha ya usharika umegeuka kuwa mahafali: kijana amehitimu, na aliyehitimu hana haja ya kurudi darasani.

Tunapoulizana sababu, kwa kawaida tunanyoosha kidole nje. Tunasema vijana wamekwenda shule za bweni, wamevutwa na mji, wamechukuliwa na vikundi vingine vya kiroho, au wameharibiwa na ulimwengu. Sababu hizo si za uongo. Hata hivyo makala haya yanakusudia kutazama ndani ya nyumba yetu wenyewe, katika kitabu tunachokitumia kuwalelea vijana na namna tunavyokitumia. Hoja yetu ni moja. Katekisimu Ndogo ni kitabu cha maswali, lakini sisi tumekifanya kuwa kitabu cha majibu. Kijana asiyepewa nafasi ya kuuliza huweza kujua mengi juu ya imani, bali ni vigumu kwake kukua katika imani.

2. Kitabu chenyewe

Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo mwaka 1529, baada ya yeye na wenzake kukagua sharika za Saksonia. Aliyoyaona huko yalimhuzunisha sana. Watu wengi wa vijijini hawakuwa na ujuzi wowote wa mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengi hawakuwa na uwezo wa kufundisha. Kitabu hiki basi kilitokana na uchungu wa mchungaji kwa ajili ya watu wake.

Anayekisoma kwa makini pamoja na dibaji yake ataona mambo matatu ambayo tumeyasahau. La kwanza ni kwamba mahali pake ni nyumbani. Vichwa vya sehemu zake vinaeleza jinsi mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumba yake kwa njia rahisi. Ndani yake mna sala za asubuhi na za jioni, na sala za kabla na baada ya kula. Ni kitabu cha kitandani na cha mezani kabla ya kuwa kitabu cha darasani.

La pili ni kwamba Luther aliweka hatua. Kwanza mwanafunzi ajifunze maneno yenyewe bila kuyabadilisha. Kisha afundishwe maana yake. Na baada ya hapo aongozwe katika maelezo mapana zaidi, ambayo kwa ajili yake Luther aliandika Katekisimu Kubwa mwaka ule ule. Kukariri kulikuwa hatua ya kwanza kati ya hatua tatu. Kwetu, mara nyingi, ndiyo hatua ya kwanza na ya mwisho.

La tatu ni kwamba alimtaka mwalimu awaangalie watu walioketi mbele yake. Aliagiza kwamba kwa mafundi na wafanyabiashara amri ya saba, inayokataza wizi, ikaziwe zaidi. Na kwa watoto na watu wa kawaida ikaziwe amri ya nne, ya kuwaheshimu wazazi. Katika dibaji hiyo hiyo alikiri kwamba haiwezekani, wala haifai, kumlazimisha mtu kuamini. Mwalimu anayefundisha somo lile lile, kwa maneno yale yale, mwaka baada ya mwaka, bila kujali kama vijana wake ni wachungaji wa mifugo, wauzaji wa sokoni au wanafunzi wa sekondari, anakifuata kitabu cha Luther, lakini hamfuati Luther.

3. Swali ni la nani?

Kila anayekijua kitabu hiki analijua swali linalorudiwa baada ya kila amri na kila ombi, yaani swali linalotafuta maana. Katika madarasa yetu mwenye haki ya kuliuliza ni mwalimu peke yake. Kazi ya kijana ni kujibu, na jibu ni lile lililochapishwa.

Maandiko Matakatifu yanaonyesha pia utaratibu mwingine. Katika habari za Pasaka, watoto ndio wanaouliza maana ya ibada ile, na wazazi ndio wanaowiwa jibu (Kut. 12:26). Vivyo hivyo katika Kumbukumbu la Torati ni mwana anayemwuliza baba yake maana ya amri na hukumu, na baba hamjibu kwa kanuni tupu, bali humsimulia jinsi Bwana alivyowatoa Misri (Kum. 6:20-21). Bwana wetu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, ambao ni karibu na umri wa vijana wetu wa Kipaimara, alionekana hekaluni kati ya walimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Lk. 2:46). Mwinjili Luka anaifunga habari hiyo kwa kusema kwamba Yesu aliendelea kukua katika hekima (Lk. 2:52).

Huenda mtu akapinga kwa kusema kwamba Luther mwenyewe, alipoandika juu ya Misa ya Kijerumani mwaka 1526, alionyesha mtu mzima akimwuliza mtoto. Ni kweli. Lakini mahali pale pale alisisitiza kwamba watoto wasijifunze maneno kwa kukariri tu, bali waulizwe kila jambo lina maana gani na wao wanalielewaje. Mtu akitaka kujua kijana anaelewaje, hana budi kuwa tayari kusikia jibu ambalo halikuandikwa kitabuni, na mara nyingi jibu hilo huwa ni swali.

Naomba nitoe mfano, nao ni wa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja niliokuwa nikihudumu, nilisimamia mtihani wa Kipaimara siku ya Jumamosi. Binti mmoja alisema maelezo yote ya Kifungu cha Kwanza cha Imani bila kukosea hata neno moja, pamoja na yale yanayohusu Mungu kutulinda katika hatari na mabaya yote. Alipomaliza hakuketi. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, “Mchungaji, kama ndivyo, mbona mama alifariki?” Foleni ilikuwa ndefu na wazee wa kanisa walikuwa wakingoja. Nilimwambia kwamba swali hilo halimo katika mtihani, nikamwandikia alama za juu kabisa. Kesho yake nilimwekea mikono. Baada ya siku ile sikumwona tena, wala katika ibada wala katika umoja wa vijana. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa akienda kwenye kikundi cha maombi cha majirani, ambako walimsikiliza.

Nilidhani binti yule ametoka nje ya katekisimu. Sasa naamini kwamba siku ile, katika chumba kile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ndani yake. Alikuwa amekwisha kuyajua maneno, akavuka kwenda hatua ya pili, ya kutafuta maana. Mimi ndiye niliyemrudisha nyuma. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilimfanya aone kwamba kuuliza ni utovu wa imani.

4. Fundisho kutoka Old Moshi

Kanisa letu halikosi urithi katika jambo hili. Bruno Gutmann, mmisionari wa Misioni ya Leipzig, alifika Uchagga mwaka 1902, na ingawa kazi yake ilikatizwa kwa miaka kadhaa, alihudumu hasa Old Moshi hadi mwaka 1938. Aliyachunguza kwa bidii mafundisho ya jando ya Wachagga na kuyachapisha katika juzuu tatu. Aliona kwamba katika mila hizo kijana hakulelewa peke yake. Alikuwa na mwenzake wa rika ambaye waliwiwa kulindana kama wapiganaji wanaosimama ngao kwa ngao. Gutmann aliuchukua udugu huo wa ngao na kuutia katika mafundisho ya Kipaimara, ili vijana wawili wawili wasaidiane katika maisha ya Kikristo, hata baada ya sikukuu yenyewe kupita.

Wako waliomkosoa, na ukosoaji wao una uzito. Alizipa mila za ukoo, ujirani na rika heshima kubwa mno, karibu kuzifanya kuwa maumbile ya Mungu yasiyoguswa na dhambi. Tena aliuogopa mji na mabadiliko. Kijana wa leo anaweza kuzaliwa Machame, akasoma Iringa na kutafuta kazi Dar es Salaam. Udugu uliofungwa katika ardhi ya ukoo hauwezi kumfuata huko. Lakini kosa la Gutmann lisitufanye tulitupe jambo aliloliona kwa usahihi, kwamba imani ya kijana hukua mahali ambapo yupo mtu anayemwita kwa jina na kumngoja asipofika. Sisi tumeurithi mtihani, tukauacha udugu.

5. Pingamizi na mapendekezo

Isidhaniwe kwamba tunadharau kukariri. Kila mchungaji aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa anajua jinsi maneno yaliyojifunzwa utotoni yanavyorudi wakati nguvu nyingine zote zimekwisha. Tena kuna hekima katika usemi wa samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki anayekunjwa hana uhai, hakui tena. Kijana ni mche. Mche hupaliliwa, humwagiliwa maji, na huegemezwa kwenye mti, wala haukui kwa kukunjwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache. Katika kila kipindi, nusu ya wakati itengwe kwa maswali ya vijana wenyewe, na mwalimu asione haya kusema, “Hili sijui, tulichunguze pamoja.” Kila kijana apewe mwenzake wa rika, na wawili hao wapewe Mkristo mmoja mtu mzima wa usharika, atakayewatembelea kwa muda wa miaka miwili baada ya Kipaimara na kuwaandikia wanapokwenda mbali. Wazazi waitwe mwanzoni mwa mafundisho, si mwishoni kwa ajili ya michango ya sherehe tu, wakabidhiwe kazi ambayo Luther aliwakabidhi. Nyumba isiyo na baba au mama isaidiwe na jirani.

Vyuo vyetu vya theolojia navyo vijihoji. Mara nyingi mwanafunzi hufundishwa kutunga mahubiri na kuzitetea hoja za imani, lakini mafundisho ya Kipaimara huyaona kuwa kazi ndogo ya kumwachia mwinjilisti. Luther, aliyekuwa daktari wa theolojia, alisema kwamba yeye mwenyewe bado ni mtoto na mwanafunzi wa katekisimu. Mchungaji aliyehitimu katekisimu hawezi kumlea kijana ambaye ndiyo kwanza anaianza.

6. Hitimisho

Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531 unakiri kwamba Kipaimara ni desturi iliyopokelewa kutoka kwa mababa, wala si ya lazima kwa wokovu. Hilo ni neno la faraja kwetu. Lililo timilifu ni Ubatizo, ambao Mungu mwenyewe ndiye mtendaji wake, na ambao Katekisimu Ndogo inatufundisha kuuishi kila siku kwa toba. Kipaimara ni kituo tu njiani. Mungu aliyemwita kijana katika Ubatizo haogopi maswali yake, tusiyaogope sisi. Ikiwa mwaka huu mmoja wa vijana wetu atabaki amesimama baada ya kumaliza kusema maneno yote kwa usahihi, tumpe kiti, tufunge daftari la alama, na tumsikilize.