Mwenzi Mzito wa Safari: Lawama na Kimya katika Masimulizi ya Safari ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtu asimamaye Katindo, mjini Goma, asubuhi ambayo mawingu yamepanda, huuona mlima Nyiragongo upande wa kaskazini pasipo kuutafuta. Kimo chake ni mita 3,470. Wakazi wa mji huu wanaujua kama jirani ajulikanavyo, yaani kwa wema wake na kwa hasira zake: ulimwaga moto mwaka 1977, ukarudia Januari 2002 na tena Mei 2021. Lakini mwanafunzi wa Katindo akienda maktabani kusoma habari za safari za kuupanda mlima huo, atakutana kwanza na kitabu cha Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliyeufikia ukingo wa shimo lake mwezi Juni 1894. Waliokwenda naye wakibeba mizigo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, hawakuacha kitabu.

Makala haya yanachunguza jambo moja dogo katika fasihi ya safari, ambalo hata hivyo lina uzito: mwenzi msumbufu. Kila aliyepanda mlima na mtu asiyechukuana naye anajua kwamba safari ya namna hiyo haina pa kukimbilia. Njia ni nyembamba, baridi ni moja, chakula ni kimoja, na mmoja akikawia wote wamekawia. Ndiyo maana wasafiri wa Ulaya walioandika juu ya milima ya Afrika walijaza kurasa zao malalamiko juu ya wenzao na wapagazi wao. Je, Kiswahili kimemsimuliaje mwenzi wa aina hii? Hoja ya makala haya ni kwamba katika nathari ya safari ya Kiswahili, lawama juu ya mwenzi haitegemei ukubwa wa usumbufu wake, bali hutegemea nafasi ya msimulizi mbele yake. Aliye sawa naye hulalamika. Aliye chini yake hunyamaza, na kimya chake hakina budi kuhakikiwa kama sehemu ya matini.

2.0 Neno lenyewe

Yafaa kuanza na lugha. Neno "mwenzi" lina tabia ya pekee katika sarufi ya Kiswahili: katika matumizi ya kila siku ni nadra kulisikia peke yake. Huungana na kimilikishi na kuwa mwenzangu, mwenzako, mwenzake. Uhusiano huo ni wa pande mbili, kwani nikikuita mwenzangu, nawe umekwisha kupata haki ya kuniita mwenzako. Neno "bwana" linaweza pia kuchukua kimilikishi, "bwana wangu", lakini halirudi kwa njia ile ile. Aitwaye bwana hamwiti aliyemwita hivyo kwa jina hilo. Kwa hiyo kabla hata ya kuuliza kama mwenzi ni mzito au mwepesi, yatupasa kuuliza kama msimulizi ana ruhusa ya kumwita mwenzi.

Jambo la pili ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" isiyomjumuisha, wala "tu-" haitenganishi aliyetembea na aliyebebwa. Sentensi fupi kama "tulipanda mlima" inaweza kumficha mmoja aliyepanda na mzigo kichwani na mwingine aliyepanda na fimbo mkononi. Urahisi huu wa sarufi unakuwa chombo cha sanaa, na wakati mwingine chombo cha hofu.

3.0 Lawama ya aliye sawa: Tippu Tip na Stanley

Mfano ulio karibu zaidi na Kongo Mashariki ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Tawasifu yake, iliyotolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, ikafasiriwa kwa Kiingereza na W. H. Whitley na kwa Kifaransa na François Bontinck (1974), ni miongoni mwa matini za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Humo kuna safari aliyofuatana na Henry Morton Stanley mwaka 1876, kutoka Nyangwe kuelekea kaskazini katika msitu wa Lualaba.

Si safari ya mlimani, lakini ni kielelezo kamili cha wenzi wasiochukuana. Kwa maelezo ya Stanley, mapatano yalikuwa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000, na ni watu wa Tippu Tip waliochoka, wakalalamika, wakataka kurudi. Mwisho wa Desemba 1876 wakaachana kabla ya kutimiza vituo hivyo. Katika maelezo ya Tippu Tip mambo yanageuka: aliyeahidi na asitimize ni Stanley. Msomaji hawezi kusahau kitu kimoja anachokitaja Tippu Tip: baada ya taabu zote, zawadi aliyoletewa ni picha ya Stanley mwenyewe.

Kisanaa, kitu hicho kimoja kinafanya kazi kuliko ukurasa mzima wa matusi. Msimulizi hasemi kwamba mwenzake alikuwa mtu wa kujipenda; anaitoa picha tu, na msomaji anamaliza mwenyewe. Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Tippu Tip aliandika baada ya ugomvi wa pili, uliotokana na safari ya kumtafuta Emin Pasha. Stanley alimlaumu kwa suala la wapagazi, hata akamfungulia kesi Zanzibar, ambayo baadaye aliiacha. Basi kumbukumbu ya 1876 imepita katika chujio la miaka ya baadaye. Lakini hilo halidhoofishi hoja. Tippu Tip aliweza kulalamika kwa sababu alikuwa na mali, watu na jina. Alisimama mbele ya Stanley kama mwenzi, na mwenzi ana haki ya kudai.

4.0 Kimya cha aliye chini: Salim bin Abakari milimani Altai

Hali ni nyingine kabisa tukifungua Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Humo mna masimulizi ya Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyesafiri mwaka 1896 pamoja na bwana wake, Theodor Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Ni safari ya ajabu kwa kipimo chochote: kutoka St. Petersburg na Moscow hadi mto Volga, kisha Siberia, kisha milima ya Altai karibu na mpaka wa China, na kurudi kwa njia ya Samarkand, Bukhara na bahari ya Kaspi.

Salim ni mtazamaji hodari. Anapima, analinganisha, anauliza watu wanakula nini na wanaabudu nini. Anaeleza jinsi wenyeji walivyoshangazwa na weusi wake, na jinsi yeye naye alivyoshangazwa nao. Katika hilo anawageuzia Wazungu kioo: safari hii Mswahili ndiye mwenye kuwaeleza watu wa mbali, nao ndio wenye mila za kuelezwa. Wahakiki wengi wameisifu sifa hii, na kwa haki.

Lakini kuna pengo. Msomaji anaimaliza safari akijua mengi juu ya Wakalmuki na Wakirgizi, asijue Bumiller alikuwa mtu wa tabia gani. Alikuwa mkali au mpole? Alikuwa mvumilivu katika theluji, au mtu wa kufoka chakula kichelewapo? Hatuambiwi. Bwana yumo katika matini kama nguzo ilivyo ndani ya nyumba: kila kitu kimeegemea kwake, wala hakuna anayemtazama.

Kuna njia tatu za kukielewa kimya hiki. Ya kwanza ni kwamba hapakuwa na la kulalamikia. Inawezekana, na mhakiki mwaminifu hawezi kuukataa uwezekano huo, kwani kimya peke yake si ushahidi wa dhuluma. Ya pili ni adabu: kumsitiri uliyekula naye ni katika muruwa wa Waswahili, na aibu za njiani hazianikwi barazani. Ya tatu ni mazingira ya uandishi. Aliyekusanya matini ni Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Wasomaji waliokusudiwa ni Wajerumani waliojifunza lugha ili wakatawale. Na Bumiller alikuwa amewahi kuwa afisa chini ya Wissmann. Mtumishi angemlalamikia bwana wake kwa nani? Kwa rafiki za bwana huyo?

Makala haya yanaona kwamba njia ya pili na ya tatu zimesukana, na ndipo ugumu wa uhakiki ulipo. Adabu ya kweli na hofu ya kweli hutoa sentensi ile ile. "Tulipanda", "tulilala", "tukaondoka": mfululizo wa "tu-" na "-ka-" unakwenda mbele kama farasi wa Altai, bila kusimama mahali ambapo mmoja angeweza kutengana na mwingine. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kazi ya mhakiki ni kuutega sikio mshindo huo, pasipo kuutungia maneno ambayo Salim hakuyasema.

5.0 Walioandikwa na wengine

Upande wa pili wa mizani wako walioandika bila hofu. Hans Meyer alipojaribu kuupanda Kilimanjaro mwaka 1887, mwenzake, von Eberstein, alishindwa kuendelea, na Meyer akaenda peke yake hadi ukuta wa barafu. Jambo hilo limo katika maandishi yake waziwazi, kwa kuwa hakuna aliyemzuia kulisema. Alipofaulu tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, kambi ya juu ilitunzwa na Muini Amani, mtu wa Pangani. Meyer anamsifu kwa uvumilivu wake. Lakini Muini Amani alimwonaje Meyer? Mtu aliyekaa katika baridi ya zaidi ya mita 4,000 akiwangoja wageni wawili waliopanda kutafuta kilele bila shaka alikuwa na maoni yake. Hayakuulizwa.

Ndivyo ilivyo kwa Götzen pia. Msafara wake uliondoka Pangani Desemba 1893, naye alifuatana na von Prittwitz na daktari Kersting, pamoja na wapagazi na askari mamia kadhaa. Walipita Rwanda, wakafika ziwa Kivu, wakaingia msituni kuelekea mto Kongo. Götzen alipata kitabu, na mwaka 1901 akapata ugavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mpagazi aliyemfuata hadi mguuni mwa Nyiragongo amebaki katika kitabu hicho kama idadi, na pengine kama kero: mvivu, mwoga, mtoro. Katika masimulizi ya aina hii mpagazi ndiye mwenzi msumbufu. Tungekuwa na sentensi tano tu za Kiswahili kutoka kwake, huenda tungemjua msumbufu mwingine.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba sentensi hizo zingeweza kupatikana. Mchagga Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kuwa miongoni mwa waongozaji wa Meyer, alienziwa mwaka 1989 katika sherehe za miaka mia moja ya kupandwa kwa Kilimanjaro. Umri wake na nafasi yake hasa vimebishaniwa, lakini fundisho haliondoki: kwa muda mrefu wa karne hiyo, kumbukumbu ya aina yake ilikuwako vijijini, ikingoja mtu wa kuuliza.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha ngazi tatu. Tippu Tip analaumu kwa kuwa ni mwenzi. Salim ananyamaza kwa kuwa ana bwana. Mpagazi wa Götzen hana hata kimya cha kuandikwa, maana ili unyamaze ndani ya kitabu sharti kwanza uwe na kitabu. Kwa hiyo mhakiki wa fasihi ya safari asitosheke na swali la "msimulizi anasema nini?" Aulize pia: angeweza kusema nini, na kwa nani?

Swali hilo si la karne ya 19 tu. Katika miaka ya 2010 njia ya Kibati ilikuwa na waongozaji, walinzi na wabeba mizigo waliowapandisha wageni hadi ukingo wa Nyiragongo kulitazama ziwa la moto, wakalala nao juu ya mlima, wakashuka nao kesho yake. Wageni wengi waliandika safari zao, na katika maandishi hayo mpagazi husifiwa kwa mstari mmoja, au hulalamikiwa kwa mstari mmoja. Yeye naye ana habari za mgeni aliyekataa kushuka mvua ilipoanza, na za yule aliyegombana na mkewe njia nzima. Habari hizo husimuliwa Goma kwa Kiswahili jioni, kwa vicheko na kwa uhodari mkubwa wa usimulizi, kisha hupotea.

Idara za Kiswahili za mkoa huu zina wanafunzi wanaotafuta mada za kazi zao za mwisho. Mada ndiyo hii, na wenye kuijua wanakaa mtaa mmoja nao. Wahenga walimwonya nahodha: usisafirie nyota ya mwenzio. Fasihi ya safari ya Kongo Mashariki imesafiria nyota ya wengine kwa zaidi ya miaka 120, hali mlima unaonekana kutoka dirishani.