Bahari ya Ukutani

Kutoka Kahama hadi pwani ni safari ya kutwa nzima ndani ya basi, lakini bahari tulikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kuta za gesti na baa: mnazi umeinama, jahazi limetweka tanga, jua linazama. Vijana waliotoka zamu mgodini Buzwagi walikaa chini yake na chupa zao, wakapunga upepo bila kulipa nauli.

Nilipenda kumtazama fundi mmoja akifika kwenye povu. Bluu ikishashika kidogo, alichana kipande cha sponji ya godoro, akakichovya kwenye rangi nyeupe, akakikamua mpaka kikabaki na unyevu tu. Kisha akagusa ukuta, akanyanyua, akagusa tena, kila mguso mwepesi kuliko uliotangulia. Alipokaribia mchanga aliweka sponji chini, akatumia kidole. Hapo ndipo wimbi lilipovunjika. Chini ya povu alipitisha mstari mwembamba wa kijani kilichofifia, maana wimbi likinyanyuka juani mwanga hupenya tumboni mwake. Waliousahau mstari huo walichora blanketi.

Marekani nako, treni zilipoanza kuwapeleka watu wa mijini ufukweni katika karne ya 19, wachoraji walikuwa palepale. Mwaka 1869 Winslow Homer alichora Long Branch, New Jersey: akina mama wa mjini ukingoni na miavuli yao. Mwaka 1883 akahamia Prouts Neck, Maine, akakaa na mawimbi yanayopiga miamba mpaka watu wakapungua pichani, yakabaki maji. Aliyatazama kwa miaka. Huku kwetu, wapagazi wa Kinyamwezi walifika Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na bahari midomoni. Fundi wa Kahama aliileta kwa brashi.

Siku hizi linatundikwa bango la plastiki: kisiwa kilichotolewa mtandaoni, ambacho hata mwenye baa hajui kiko nchi gani. Linachapwa asubuhi, mchana liko ukutani. Hakuna aliyelitazama wimbi lile kabla ya kutuuzia, na jua la Shinyanga linalipausha upesi.

Mgodi ulifungwa mwaka 2021, na gesti niliyoizoea ikapakwa nyeupe kote. Fundi sasa anaandika bei kwenye milango ya maduka. Hana mwanafunzi, vijana wanaomjia wanauliza mashine ya kuchapia mabango inauzwaje. Siwalaumu. Nawalaumu wateja, nami nikiwemo, tulioketi chini ya kazi yake miaka yote bila kumuuliza mwenye baa ni nani aliyeichora.