Simu Iitikayo kwa Jina Lake

Aliyewahi kutaka kuhamisha picha kutoka simuni hadi kompyuta iliyo juu ya meza ile ile, bila waya na bila kuzisafirisha ng'ambo kwanza, anaijua adha ya nambari. Jana simu ilikuwa 192.168.1.7, leo, baada ya umeme kukatika usiku na ruta kuwaka upya, imekuwa 192.168.1.12, na ile nambari uliyoiandika kwa kalamu pembeni mwa daftari haifai kitu. Si kosa la mtu, kwani anwani hizo ruta huzigawa kwa muda, mithili ya vyumba vya kupanga, na arejeaye hana hakika ya kukipata chumba chake cha awali.

Dawa ya adha hii ni jina. Ila jina nalo lataka wa kulitunza. Katika intaneti kubwa mtunzaji alikuwapo tangu mwanzo: kwanza ni faili moja lililowekwa katika taasisi ya SRI huko California, likiangaliwa na Elizabeth Feinler na wenzake, kisha, tangu mwaka 1983, ukaja utaratibu wa DNS alioubuni Paul Mockapetris, ambamo kila himaya ina sajili yake na msajili wake. Nyumbani kwa mtu msajili hayupo, wala hapana atakayekubali kuajiriwa kazi hiyo kwa ajili ya simu mbili na mashine moja ya kuchapia. Hapo ndipo Stuart Cheshire, aliyetamani wepesi wa mtandao wa zamani wa AppleTalk urejee katika mitandao ya leo, aliposhika njia ambayo mimi naihesabu miongoni mwa fikra bora za fani hii: sajili iondolewe kabisa, na kila chombo kijijibie chenyewe. Apple waliitoa kazi hiyo mwaka 2002, nayo ikaandikwa rasmi kuwa itifaki ya watu wote, iitwayo mDNS, mwaka 2013.

Namna yake ni ya uani. Tuseme simu yangu nimeiita jahazi. Nikiandika jahazi.local katika kompyuta, kompyuta haimwendei mkuu yeyote kuuliza, bali hupaza sauti kwenye anwani ya pamoja 224.0.0.251, mlango nambari 5353, ambako vyombo vyote vinavyoifahamu itifaki hii vimetega sikio: ni nani jahazi? Vingine vyote hunyamaza, na jahazi peke yake hujibu kwa kuitaja anwani yake ya leo. Jibu hilo huwekwa akilini kwa sekunde 120 tu, kisha huulizwa upya. Kwa hiyo hata nambari ikibadilika, uwongo wa jana hauishi muda mrefu.

Kinachonipendeza zaidi ni adabu ya kulitwaa jina. Simu inapoingia mtandaoni haijidai mara moja kuwa ndiyo jahazi, bali hubisha hodi kwanza, mara 3, ikingoja robo ya sekunde baada ya kila hodi, ikiuliza kama jina hilo lina mwenyewe. Isipojibiwa, hujitangaza walau mara 2. Ikijibiwa, haigombani, bali hujiongezea nambari na kuwa jahazi-2, na mwenye jina wa kwanza habughudhiwi. Vikiwa vyombo viwili vimebisha kwa wakati mmoja, hulinganisha maelezo yao kwa kanuni iliyokwisha kuwekwa, na aliyeshindwa hungoja sekunde 1 kabla ya kujaribu tena. Haya yote hutendeka pasipo hakimu.

Hata hivyo simu ni mkaidi kuliko kompyuta, na sababu ni betri. Ujumbe wa kuwaita wote kwa pamoja hupita hewani bila kukiriwa kupokewa. Ukipotea, umepotea, nayo simu iliyolala haiusikilizi mwito kila dakika. Katika Android hali ni ngumu zaidi, kwani kwa kawaida simu hizo huzichuja jumbe za namna hii ili zisiamke ovyo, mpaka programu iombe idhini ya kuzisikia; hata zana ya Android yenyewe ya kuziwezesha programu kujitangaza kwa njia hii ilikuja na toleo la 4.1, mwaka 2012. Ndiyo maana mtu huita, akakosa jibu, akadhani mtandao umekufa, ilhali angewasha kioo cha simu na kuita tena angeitikiwa papo hapo.

Tena mwito huu hauvuki ruta. Umewekewa mpaka kwa makusudi, usije ukazagaa duniani. Niliwahi kulala katika nyumba moja ya wageni ambayo mtandao wake uliwatenga wageni wasisikiane, jambo la busara kwa usalama wao. Nikaita jahazi mara kadhaa, simu na kompyuta zikiwa bega kwa bega juu ya kitanda, pasiwe na jibu. Mwishowe nikauacha mtandao wa nyumba ile, nikaifanya simu yenyewe iwe ndiyo kisambazi cha waifai, kompyuta ikaingia kwake, na nilipoliandika jina lile lile, bila kubadili herufi hata moja, picha zikaanza kushuka.