Ufundi wa Kupepeta Mwangwi

Katika kupima mjongeo wa ardhi kwa setilaiti, kazi ngumu, inayompambanua fundi na mwanagenzi, ni kuondoa. Setilaiti hutuma mawimbi ya rada ardhini na kupokea mwangwi wake. Siku kadhaa baadaye hupita tena katika njia ileile, na mpimaji huzilinganisha picha hizo mbili, nukta kwa nukta, aone ni wapi mwangwi umewahi au umechelewa kurudi. Kwa kuwa wimbi la Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2014, lina urefu wa sentimita 5.6 hivi, na husafiri kwenda na kurudi, kila mzunguko kamili wa rangi katika picha ya tofauti humaanisha kwamba ardhi imeisogelea setilaiti, au imejitenga nayo, kwa sentimita 2.8. Lakini humo pia mmejificha miinuko ya milima, kosa dogo la njia ya setilaiti, na mvuke wa hewani, ambao humfanya asiyezoea adhani mlima umevimba, kumbe ni unyevunyevu uliopita. Vyote hivyo hupepetwa kimoja baada ya kingine.

Ukanda wa Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, uliulipa ufundi huo mwaka 2007. Matetemeko yaliutikisa kuanzia Julai, kubwa kati yake, la 17 Julai, likiwa na ukubwa wa 5.9, na kwa kuwa nchi ile ni kavu, picha za rada zilisomeka vizuri kuliko zinavyosomeka penye migomba ya Bukoba, ambako majani hayatulii na mwangwi hubadilika kila safari. Utafiti ulioongozwa na Eric Calais, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba ufa wa miamba, yaani mpasuko ambao pande zake huteleza, ulisogea polepole kwa takribani wiki moja bila mshindo mkubwa, kisha magma, mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza kama ukuta wima chini ya ardhi. Mitambo ya kupima mitetemo peke yake isingeusimulia mwendo ule wa kimya, na hapo ndipo hadhi ya ufundi huu ilipo.

Mjini, mambo hugeuka. Maghorofa ya Mchafukoge, Dar es Salaam, yaliyobanana, pamoja na mabati na kona za zege za Kariakoo, hurudisha mwangwi mkali usiobadilika mwaka hadi mwaka, na mbinu ya Ferretti, Prati na Rocca wa Milano, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, hutumia nukta za namna hiyo kutambua jengo linalotitia milimita chache tu kwa mwaka. Hata hivyo, tetemeko la usiku wa 12 Agosti 2020, lenye ukubwa wa takribani 6, lililowakimbiza watu kutoka maghorofani humo, lilianzia chini ya bahari, kusini-mashariki mwa jiji, na rada haipenyi maji.

Hata nchi kavu rada ina upofu wake, kwani mjongeo wa kaskazini na kusini huuona kwa shida. Ndiyo maana tangu 2016 vipokezi vya GPS, ambavyo hupima mwendo wa pande zote mfululizo, vimesimikwa katika volkeno ya Ol Doinyo Lengai kwa ushirikiano na Chuo Kikuu Ardhi.