Fungu la Simba: Jungle Taitei, Maadhimisho ya Miaka na Ngano ya Jicho la Fisi

1.0 Utangulizi

Katika miongo ya karibuni maadhimisho ya miaka yamekuwa mojawapo ya njia kuu za kuzitawaza kazi za sanaa ya picha zilizotoka Japani. Umri wa mchezo wa video wa Pac-Man huhesabiwa kuanzia mwaka 1980, na ule wa Super Mario Bros. kuanzia tarehe 13 Septemba 1985. Pokémon ina siku yake kila mwaka, tarehe 27 Februari, kwa kuwa michezo yake ya kwanza ilianza kuuzwa siku hiyo mwaka 1996. Kwa upande wa filamu za katuni, ambazo hujulikana kwa jina la anime, jambo hili limefika mbali zaidi. Tarehe 7 Aprili 2003 ilisherehekewa Japani kuwa siku ya kuzaliwa ya Atom, roboti mtoto aliyebuniwa na Tezuka Osamu, kwa sababu tarehe hiyo ilikuwa imetajwa ndani ya hadithi yenyewe miongo kadhaa kabla.

Kwa kawaida shughuli za namna hii huachiwa wafanyabiashara na mashabiki. Makala haya yanashikilia kwamba maadhimisho ni tendo la uhakiki, na kwa hiyo yanastahili kuhakikiwa. Anayeadhimisha huchagua ni toleo lipi la kazi lihesabiwe kuwa ndilo lenyewe, ni nani atajwe kuwa mwenye kazi, na ni maana ipi ikumbukwe. Anapochagua hayo, huwa pia amechagua yatakayosahauliwa. Hoja hii itachunguzwa kwa kuitazama kazi moja ya Tezuka inayoihusu Afrika moja kwa moja, yaani Jungle Taitei, hadithi ya simba mweupe. Kazi hiyo itapimwa kwa ngano ya Kisomali kuhusu mgawo wa nyama. Wasomali ndio wengi wa wakazi wa Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, kwenye njia itokayo mji wa Wajir kwenda El Wak. Kwa jamii ya wafugaji kama hiyo, simba si nembo ya fulana. Ni mnyama anayeweza kuingia zizini usiku.

2.0 Ni Toleo Lipi Linaloadhimishwa?

Jungle Taitei ilianza kuchapishwa kama hadithi ya picha katika jarida la Manga Shōnen mwezi Novemba 1950, ikamalizika mwaka 1954. Tarehe 6 Oktoba 1965 ilianza kuonyeshwa kama filamu ya katuni katika televisheni ya Fuji, ikiwa na sehemu 52 zilizotengenezwa na Mushi Production. Huo hutajwa kuwa mfululizo wa kwanza wa katuni za rangi katika televisheni ya Japani. Mwaka 1966 ulifika Marekani kwa Kiingereza, na Leo, ambalo ndilo jina la simba katika Kijapani, akawa Kimba. Mwaka 2009 Fuji ilipotimiza miaka 50, iliitengeneza hadithi hiyo upya kuwa sehemu ya sherehe zake. Kwa hesabu hizo, mwaka 2025 hadithi ya picha ilitimiza miaka 75, na mfululizo wa televisheni miaka 60.

Hesabu hizi mbili haziadhimishi kitu kimoja. Katika mfululizo wa mwaka 1965 Leo hubaki kuwa mwana-simba. Baba yake ameuawa na wawindaji, mama yake amekamatwa, naye amezaliwa ndani ya meli, akajitupa baharini na kurejea Afrika ili aurithi ufalme. Mtazamaji humwacha akiwa bado mtoto mwenye matumaini. Katika hadithi ya picha, kinyume chake, Leo hukua, huoa, huzaa, na hatimaye hufa. Kifo chake ndicho kiini cha kazi nzima. Akiwa amenaswa na theluji juu ya mlima pamoja na mzee mmoja wa Kijapani, Leo humshurutisha mzee huyo amwue ili ale nyama yake na ajifunike ngozi yake, apate kunusurika. Mzee hushuka na ngozi hiyo, akakutana na mwana wa Leo. Mwisho huo ulirudishwa katika sinema ya mwaka 1997, miaka minane baada ya Tezuka kufariki.

Ni dhahiri basi kwamba anayeadhimisha mwaka 1965 huadhimisha utoto na rangi, na anayeadhimisha mwaka 1950 hana budi kuadhimisha pia kafara. Soko hupendelea mwana-simba. Hata timu ya besiboli ya Seibu Lions ilipomchukua Leo kuwa nembo yake, ilichohitaji ni nguvu zake. Kifo chake hakikuwa na kazi pale.

3.0 Ngano ya Jicho la Fisi

Ngano yenyewe ni fupi. Simba, fisi, mbweha na wanyama wengine wala nyama waliwinda pamoja wakaua ngamia. Simba akamwamuru fisi agawe nyama. Fisi akasema: nusu iwe ya mfalme, na nusu nyingine wagawane waliobaki. Simba akampiga kofi lililomng'oa jicho. Kisha akamgeukia mbweha, akamwamuru agawe yeye. Mbweha akagawa: sehemu hii ni ya mfalme, na ile ni ya mfalme, na iliyosalia nayo ni ya mfalme. Simba alipomwuliza ni nani aliyemfunza kugawa kwa haki namna hiyo, mbweha alijibu kwamba amefunzwa na jicho la fisi.

Ngano hii ina jamaa zake kwingi. Katika hekaya zinazohusishwa na Aesop, kwa mfano, punda ndiye anayegawa sawasawa akauawa, na mbweha hujifunza kwa maiti yake. Hakuna anayeweza kusema ilizaliwa mwaka gani, wala nani aliitunga. Lugha ya Kisomali yenyewe ilipata mwandiko wake rasmi mwaka 1972 tu, ilhali ngano ilikuwa imekwisha kuishi vinywani kwa muda usiopimika. Kwa hiyo haiwezi kuadhimishwa kwa kalenda. Hukumbukwa kwa kusimuliwa, na husimuliwa pale inapohitajika, kwa mfano mgawo fulani unapokuwa wa dhuluma na aliyeonewa hawezi kulitamka hilo waziwazi.

Kifani, nguvu ya ngano imo katika jibu la mwisho. Neno moja, jicho, linabeba historia nzima ya utawala. Kimaudhui, ngano haimsifu simba wala haimlaani. Inachunguza jinsi maarifa yanavyopatikana chini ya mamlaka, yaani kwa kulitazama jeraha la mwingine. Tena, aliyejaribu kugawa kwa uadilifu ndiye fisi, mnyama anayedharauliwa kuliko wote.

4.0 Simba Watatu na Nyama Moja

Ngano hii ikiwekwa kando ya Jungle Taitei, inabainika kwamba kazi zote mbili zina swali moja: nani ale nini, na kwa idhini ya nani? Leo hurudi msituni akiwa amejifunza tabia za wanadamu, akajaribu kujenga dola ambamo wanyama hawaliwi na wenzao. Huanzisha kilimo, na tatizo la chakula cha wala nyama humrudia mara kwa mara, kwa kuwa sheria njema haiondoi njaa. Mwishoni, jibu pekee analolipata ni mwili wake mwenyewe. Simba wa Kisomali huchukua mafungu yote. Simba wa Tezuka hutoa mafungu yote, na yeye mwenyewe akawa fungu. Mtunzi aliyekuwa kijana wakati Japani ilipopigwa mabomu na kushindwa vitani mwaka 1945 aliifahamu njaa, na si ajabu kwamba ufalme wake wa wanyama ulijengwa juu ya swali la shibe.

Hapo anaingia simba wa tatu. Filamu ya The Lion King ya Walt Disney, iliyotolewa mwaka 1994, ilizua malalamiko Japani kwa sababu ya kufanana kwake na kazi ya Tezuka. Wachoraji wengi wa Kijapani walitia sahihi barua ya kulalamika, na kampuni hiyo ilikana kwamba iliiga. Mjadala huo umerudi karibu kila maadhimisho yanapofanywa, na umejikita katika mfanano wa picha. Mgawo wa nyama umeangaliwa kidogo mno, ilhali hapo ndipo kazi hizo zinapoachana. Katika filamu ya mwaka 1994 fisi ni wahalifu kwa sababu wanataka kula, na haki hurudi nchini wanaporudishwa nje ya mipaka. Mfumo ambao Leo alifia akijaribu kuutibu unahalalishwa hapo kuwa ni duru ya maumbile. Msikilizaji aliyekwisha kulisikia jicho la fisi hawezi kuitazama filamu hiyo bila kujiuliza ni nani aliyegawa nyama ile.

5.0 Fungu la Afrika

Yaliyosemwa yasichukuliwe kuwa utetezi wa Tezuka. Kazi yake ina kasoro ambazo maadhimisho hayana haki ya kuzifunika. Kwanza, mandhari. Makao ya kawaida ya simba ni nyika na mbuga. Msitu mnene anaoutawala Leo ni Afrika iliyosomwa vitabuni, na haina uhusiano wowote na nchi ya miiba, vumbi na visima iliyo kati ya Wajir na El Wak. Pili, na hili ni zito zaidi, watu. Waafrika katika hadithi ya picha wamechorwa kwa sura za dhihaka zilizokuwa zimezagaa katika katuni za Ulaya na Marekani, nao hawapewi fikra wala maneno yenye uzito. Wanyama wana falsafa, wenyeji hawana. Baada ya malalamiko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, matoleo ya kazi za Tezuka yalianza kubeba maelezo ya kumwarifu msomaji kuhusu michoro hiyo. Maelezo hayo ni ya haki, lakini maelezo ya pembezoni hayabadilishi mgawo wa sauti ndani ya kazi.

Tatu, lugha. Jina Kimba lilipatikana kwa kubadilisha herufi moja ya neno la Kiswahili, na neno lenyewe, simba, likaja kuwa jina la mhusika wa filamu ya mwaka 1994. Maneno "hakuna matata" yalikuwa yakiimbwa katika wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms la Kenya tangu mwaka 1982. Yalisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya Disney, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi ombi la kupinga usajili huo. Kisheria, alama ya biashara haimkatazi mtu kusema. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha jinsi mgawo ulivyokwenda: mafungu ya picha, jina na faida yalikwenda kwa wengine, na wasemaji wa lugha wakabakiwa na kazi ya kuwasahihisha watalii matamshi.

Huenda ikadaiwa kwamba katuni si fasihi, na kwamba idara ya fasihi ina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Dai hilo lina gharama yake. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, na bila shaka alisomwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi zinazotahiniwa. Uhakiki uliozidharau picha za nyumbani hauna silaha za kuhakiki picha za wageni, wala hauwezi kushangaa unapokuta kwamba kalenda ya kumbukumbu imepangwa yote mahali pengine.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maadhimisho ya miaka ni mgawo. Katika mgawo wa Jungle Taitei, mtunzi amepata sifa, kampuni zimepata mauzo, na mashabiki wamepata utoto wao. Afrika, ambayo ndiyo iliyotoa mnyama, mandhari na, katika matoleo ya Kiingereza, jina, imepata maelezo ya pembezoni. Kususia maadhimisho hakutatui tatizo hilo, na kuyashangilia kwa kuwa simba "wetu" anafahamika duniani kunalifunika. Kinachohitajika ni kazi ya kitaaluma: kuitafsiri hadithi nzima kwa Kiswahili pamoja na mwisho wake, kuitahini sambamba na ngano za jamii zinazoishi karibu na simba, na kukusanya masimulizi ya walioanza kuzitazama katuni hizi katika miji ya Afrika Mashariki, miaka mingi baada ya tarehe zinazosherehekewa Tokyo.

Kazi hiyo itakuwa pia mtihani kwa Tezuka mwenyewe. Watoto wa wafugaji wa Tarbaj wakisimuliwa kifo cha Leo kwa lugha wanayoielewa, huenda wakamwona ni simba wa ajabu, asiyelingana na yule wa ngano. Huenda pia wakauliza kwa nini mwili wa mfalme huyo uliokoa maisha ya mgeni, na mwenyeji hakuonekana mlimani. Swali hilo halimo katika sherehe zilizokwisha kufanywa. Mbweha wa ngano alijifunza kwa kutazama jeraha akanyamaza ili aishi. Mhakiki akilitazama jeraha hilohilo, wajibu wake ni kuuliza nyama imegawanywaje.