Rekodi Haisikii: Uhakiki wa Njia Moja ya Kujifunza Jazi

Vitabu vya kujifunzia jazi hulaumiwa kwa jambo moja: kwamba vinaandika kile kilichopaswa kubuniwa papo hapo. Mwanafunzi hupewa wimbo mkongwe, tuseme "Autumn Leaves" wa Joseph Kosma, uliopangwa upya ulingane na kiwango chake, na katikati ya ukurasa anakuta solo imeshaandikwa, nota kwa nota. Anaikariri, anafaulu mtihani. Wakosoaji husema hapo jazi imeshakufa.

Naona lawama hiyo haikulenga penyewe. Charlie Parker alikariri solo za Lester Young kutoka kwenye santuri, na hakuna anayemwita kasuku. Sisi wa Kiswahili tuna Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, iliyotoka mwaka 1954. Anayehesabu mizani kwa vidole leo huenda kesho akatunga vizuri. Kinachomkomaza ni malumbano, pale mwenzake anapomjibu na yeye akalazimika kujibu tena.

Hapo ndipo penye kasoro. Mwaka 1967 Mmarekani Jamey Aebersold alianza kutoa vitabu vinavyoambatana na rekodi: besi upande mmoja wa spika, piano upande wa pili, ngoma kote kote, na nafasi ya mpigaji ikiachwa wazi. Ni msaada mkubwa kwa asiye na bendi, sibishi. Lakini rekodi haisikii. Ukikosea inaendelea, na ukibuni jambo zuri inaendelea vile vile.

Muhula uliopita nilikaa jirani na mpiga saksafoni hapa Kyambogo. Kila jioni alipiga na simu yake, na kwa masikio yangu yasiyosomea muziki hakukosea hata mara moja. Siku moja rafiki yake alikuja na ngoma. Mwenye ngoma alipopunguza mwendo kidogo, kwa makusudi, saksafoni ilikwenda peke yake hadi mwisho wa wimbo. Walicheka wote wawili, ila mmoja alicheka kwa shida.

Linganisha na amadinda ya Buganda, yenye vibao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza hupiga mfuatano wake, ambao haubadiliki. Wa pili anayeketi ng'ambo huingiza wake kati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu ana vibao viwili tu vya juu, na sehemu yake haimo kwa wa kwanza wala kwa wa pili: anaiokota kutoka katika mchanganyiko wa sauti za wote wawili. Asiposikiliza hana cha kupiga. Ajabu ni kwamba mifuatano hiyo hukaririwa kuliko solo yoyote ya kitabuni, na bado mwanafunzi wake hujifunza kusikia tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo sisemi vitabu vitupwe. Wanafunzi wawili na waketi mbele ya ukurasa ule ule. Mmoja apige mistari miwili ya solo iliyoandikwa kisha anyamaze popote apendapo, na mwenzake aendeleze kuanzia hapo. Simu ibaki mfukoni.